Ukuta wa Kaskazini

Bi Zuhura amezikwa jana Kunduchi baada ya adhuhuri, na mie tangu nirudi hapa Chang'ombe sijafanya kazi ya maana. Nimeinjika chai ikakauka, nikainjika nyingine, nayo nikaisahau. Msibani wanawake waliokaa mkekani walikuwa wananitazama, mie na kitambaa changu cha kwaya nilichojifunga kichwani kwa haraka, mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Huyu naye nani?" Mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe Shomari, akajibu bila hata kugeuka: "Huyu ndiye yule mpangaji wa Mama, wa mwaka ule wa mashimo." Basi wote wakasogea, wakanipa nafasi. Mwaka wa mashimo! Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimestaafu, nina wajukuu wanaonicheka nikishika simu, lakini kwa watu wa Kunduchi mie bado ni mtu wa mashimo, na wala hawajakosea. Watu husema ujana ni raha. Labda wao. Mie mwaka ule niliuishi kwa hofu, hofu ya kuamka nayo na kulala nayo.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya historia, kazi sina. Daktari Felista, mwalimu wangu chuoni, mama mfupi mwenye sauti ya mkuu wa bweni, alikuwa amepata kibali cha kuchimba gofu moja huko Kunduchi. Si yale magofu wanayopelekwa wageni, hapana; hili lilikuwa dogo, liko nyuma ya nyumba za watu, kuta zimebaki za kufika kiunoni na mbuzi wanaota jua juu yake. Wenyeji waliliita Jumba la Mreno. Ukimuuliza mtu yeyote pale nani alijenga, Mreno. Lini? Zamani. Na kwa kuwa lilikuwa la Mreno, mtu asiyetawadha wala kuswali, hakuna aliyeona haya kujichukulia mawe yake: hili la msingi, lile la kuchomea chokaa, lile la kufulia nguo. Daktari alitaka mtu wake alale jirani na kazi, asije mtu akatuvurugia mashimo, basi akanitafutia chumba kwenye nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote. Ndiyo nyumba ya Bi Zuhura. Ukitoka mlango wake wa uani ukageuka, umeshaingia gofuni.

Nyumba yenyewe mnaijua, zile zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua, choo, na jiko la mawe lililoezekwa bati. Dari hakuna. Kuta za vyumba zinaishia hewani, chini ya paa, ili upepo upite, na maneno nayo yanapita. Mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamjibu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha la nondo linalotazama gofu. Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na miguu midogo, anatembea taratibu, na alikuwa na adabu za kukutia aibu. Hata muuza mkaa akibisha hodi alinyanyuka alipokaa, akajitanda kanga vizuri, ndipo akaitikia. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Marahaba mwanangu. Hapa kwako." Mie nikasema moyoni, haya, yameanza. Maana nilitoka Tukuyu na begi moja, Biblia, na masimulizi yote ya bara kuhusu Pwani: kwamba ukikaa kwao usile cha mtu, usiache nywele zako kwenye kitana, na mama mwenye maneno matamu ndiye wa kumkimbia kabisa. Mjinga mie! Lakini mwenye hofu haambiwi.

Kazi yetu ilikuwa ya polepole mno. Tulichimba kwa mwiko wa fundi na brashi, mchanga tunauchekecha, na kanuni ilikuwa moja tu: ukishaupata ukuta, unaufuata. Huuachi. Tulipata kuta mbili ndefu zilizolala sambamba, zinakwenda kaskazini, na kila wiki shimo letu lilikwenda nazo. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Chitanda, Mmakonde wa Mtwara aliyewahi kuchonga vinyago, mtu wa utani usiokwisha. Aliniita "Mama Mchungaji" kwa sababu nilisali kabla ya kushuka shimoni. Nilisali kweli. Shimo lilikuwa linanipita kimo, mchanga wa pale haushikani, na kila ulipomomonyoka kidogo nyuma ya shingo yangu nilihisi kama mtu ananigusa. Daktari yeye alikuwa na wimbo wake. "Nataka ukuta wa kaskazini," anasema, mwiko mkononi. "Kuta za pembeni kila jumba linazo. Wa kaskazini ndio utakaotuambia hapa palikuwa nini." Nikamuuliza siku moja, sasa huo ukuta uko wapi, Daktari? Akanyoosha mwiko. Sote tukatazama kule ulikoelekea, tukaona moshi unatoka kwenye jiko la Bi Zuhura.

Kisha likaja lile kosa la mambo za alama, vile vijiti vya kuchomeka ardhini. Watoto wa mtaani walikuwa wanakaribia kutumbukia, basi Daktari, mtu wa chuo, aliyekulia Bukoba, akaagiza mambo zipakwe rangi nyekundu zionekane kwa mbali, zichomekwe kuzunguka eneo lote mpaka ukutani kwa watu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Rangi nyekundu! Dar es Salaam hii, ambako mtu akiamka akakuta alama nyekundu ukutani kwake anajua tingatinga liko njiani! Asubuhi ile nilitoka chumbani nikakuta mtaa mzima kimya, milango imefungwa, na Bi Zuhura amesimama uani anautazama mti mwekundu uliochomekwa kwenye kona ya jiko lake. Alinipita akaingia ndani, na siku hiyo hakunipikia. Daktari alipoambiwa alishika kichwa, mambo zikapakwa chokaa saa ileile, lakini wapi. Maji yameshamwagika.

Na ndipo siku moja, wakati wa chakula cha mchana, tukapigwa hadithi ambayo ningeomba isingesimuliwa. Tulikuwa tumekaa kivulini tunakula mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga. Daktari alikuwa amesomea Ufaransa, na huko ujana wake wote aliumalizia kwenye gofu la jumba la maigizo la Warumi. Akatuonyesha picha yake. Enzi hizo, alisema, nchi ile ikiitwa Galia. Jumba halina paa; ngazi za mawe za kukalia zimepanda kilima nusu duara, chini kabisa jukwaa, na mtu akisema neno pale jukwaani aliyekaa juu kabisa analisikia. Warumi walipoondoka, watu wakahamia humo humo. Wakajenga vijumba juu ya ngazi, wakatoboa milango, wakapika, wakaoana, wakafuga kuku pale walipokuwa wakisimama waigizaji. Vizazi na vizazi. Mpaka wakaja wakubwa fulani wakasema, aa, hii fahari yetu haiwezi kukaliwa na akina nani hawa, wakabomoa nyumba zote ili mawe ya Warumi yaonekane. Kwenye picha palikuwa safi, nyasi zimekatwa, hakuna hata kamba ya kuanikia nguo.

Chitanda akaacha kutafuna. "Na wenye nyumba je, Daktari?"

"Walihamishwa."

"Wapi?"

"Hakuna aliyeandika," Daktari akasema, akairudisha picha mkobani. Chitanda siku hiyo hakutania tena, na mie niliuweka mhogo chini, kwa sababu harufu ya nazi kutoka jikoni kwa Bi Zuhura ilikuwa inatufikia palepale tulipokaa.

Sasa hapa lazima niseme nilichokijua. Jikoni kwa Bi Zuhura niliingia kila siku, maana ndimo tulimokula, mie kwenye kigoda na yeye chini. Ukuta wa nyuma wa jiko lile haukuwa kama zile kuta nyingine. Ulikuwa mnene, wa mawe ya zamani, na katikati una mbonyeo, umeingia ndani nusu duara, kimo cha kiuno, mweusi kwa masizi. Humo alipanga kuni. Mbele yake sakafuni palilazwa jiwe bapa lililochongwa pembeni mistari iliyosukanasukana kama ukili wa mkeka, na juu ya jiwe hilo aliweka mbuzi yake ya kukunia nazi. Alilikuta hivyo alipoletwa bibi harusi, na mama mkwe wake alilikuta hivyo pia. Niliyaona yote hayo, mie mwanahistoria mzima, na sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba ni ya gofu. Daktari aliniuliza, "Huko ndani umeona kitu?" Nikasema jikoni kuna moshi mwingi, Daktari, macho yanauma. Nilimwogopa Bi Zuhura nikisema, nikamwogopa Daktari nisiposema, na nilikuwa nalala katikati yao.

Jioni moja baada ya magharibi nilikuwa nimejilaza, taa sijawasha. Shomari, mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa anakaanga samaki pale sokoni, alikuja kumwona mama yake. Chumba cha pili. Nikasikia kila kitu.

"Mama, umemfuga nyoka ndani. Huyo binti ni jicho lao. Kila siku yuko jikoni kwako anatazama kuta."

"Najua," Bi Zuhura akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi mtoe."

"Nimtoe nimpeleke wapi? Mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu! Wakikuvunjia nyumba utalala kwa hao watu? Sikiliza, Mama. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe niachie mie. Tulimalize kabla hawajaingia ndani."

Yesu wangu! Mtu mwingine anasikia methali, mie nilisikia shimo langu, mchanga wake, na mie chini. Nilikunja miguu nikajifunika shuka mpaka kichwani, joto lote lile la Dar, nikasoma Zaburi zote ninazozijua. Kesho yake, nikitoka kazini, nikakuta kizingitini kwa chumba changu jivu la ubani, sakafu imenyunyizwa marashi, na juu ya mlango, pale kwenye fremu, kimening'inizwa kifurushi kidogo kilichoshonwa kwa kitambaa cheusi. Sikukigusa. Niliingia chumbani kwa kuinama, nimekunja shingo, kama mtu anayepita chini ya nyuki.

Tangu siku hiyo chakula cha nyumba ile sikukiweka kinywani. Bi Zuhura ananipakulia, nasema asante Mama, nakipeleka chumbani, namwaga dirishani kwa kuku wake, kisha nakaa pale nawatazama watakufa saa ngapi. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, maharage ya nazi, jamani, mie nakula karanga za barabarani! Nilikonda mpaka Chitanda akauliza Mama Mchungaji amefunga Kwaresima gani isiyoisha. Kuku hawakufa. Kuku walinenepa.

Mwisho aliniita mwenyewe, mchana, Daktari akiwa mjini. "Njoo, mwanangu. Kaa." Nikakaa kigodani, miguu tayari kukimbia. "Kuku wangu mie tangu lini wanakula pweza?" Nikainama. "Nakuuliza. Chakula changu kina nini?" Nikajaribu kusema tumbo, nikajaribu kusema Kwaresima, kisha kilio kikanitoka, na maneno yote yakatoka nacho: ubani, kile kifurushi cheusi, mchimba kisima, niachie mie, vyote. Bi Zuhura alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akapiga makofi mawili ya mshangao. "Loo! Na nyie watu wa bara! Ulidhani tunakuua? Hebu simama. Simama utazame mlango wa chumba changu juu kuna nini. Tazama wa ukumbini. Tazama wa choo!" Nikatazama. Kila mlango kilikuwepo kifurushi cheusi. "Nimeizindika nyumba, mwanangu, isiingiwe na shari. Shomari ndiye aliyemleta shehe, ndiyo hiyo niachie mie yake. Nyumba haizindikwi nusu. Anayelala ndani yuko ndani, hata akiwa jicho la watu." Akanisogezea sahani. Nilikula wali huku machozi yanaingia mchuzini. Yeye alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Wewe unaogopa, lakini una kwenu. Mie hapa ndipo nilipoletwa na ngoma. Mume wangu kafia chumba kile. Sina pengine. Niambie kweli, wataibomoa?"

"Sijui, Mama."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Haki ya Mungu sijui."

Akavuta ncha ya kanga akajifuta uso. Mpaka siku hiyo sikuwa nimefikiri kwamba mtu mkubwa vile naye anaweza kuogopa kama mie.

Wakaja. Wanaume wawili wa ofisi ya serikali, ile ya magofu, mashati yamepigwa pasi, pamoja na Daktari. Shimo lilikuwa limebakiza kitambo kidogo tu kufika ukuta wa jiko. Mmoja wao alieleza kwa sauti, majirani wote wakisikia, kwamba jumba la kale likionekana linaendelea chini ya nyumba basi eneo lote litazungushiwa uzio na waliomo watafutiwa utaratibu. Watafutiwa utaratibu! Nilimtazama Daktari, naye alikuwa anatazama chini. "Tuone na huko ndani," akasema yule mwingine. Hodi, hodi. Tukaingia uani, mie nyuma kabisa.

Bi Zuhura alikuwa jikoni amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Na hakunyanyuka. Mama yule anayemnyanyukia muuza mkaa, leo wakubwa watatu wamesimama mlangoni kwake, naye kakaa, kanga ameitandaza pande zote kama hema, mgongo ameuegemeza kwenye kuni, anakuna. "Karibuni," akasema bila kuinua macho. "Mtanisamehe, miguu leo haina nguvu." Krr, krr, krr. Mie tu ndiye niliyejua amekalia nini. Nikaona jasho linamtiririka shingoni. Nikaona kifuu kimeshakwisha nyama, kimebaki kitupu, naye bado anakuna, na unga wa kahawia unaingia kwenye nazi nyeupe.

"Mama," yule wa ofisini akasema, "hebu simama kidogo tuone hapo nyuma yako."

Krr, krr.

Daktari Felista akapita katikati yao. Akachuchumaa mbele ya Bi Zuhura, nyuso zao sawasawa, akasema, "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Niliyaona macho ya Daktari. Yalishuka kwenye ukingo wa kanga, pale iliposogea kidogo, yakaona mistari ya lile jiwe. Yakapanda polepole juu ya kuni, yakaona ule mbonyeo mweusi. Akavuta pumzi mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kazi nzima ya mwaka, ukuta aliokuwa anauota, uko mbele ya pua yake. Nilifumba macho. Nikasema, basi, nyumba imekwenda.

"Ukuta wetu umekatika hapo nje," Daktari akasema, akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Humu ni jiko la mtu. Mwacheni mama akune nazi yake."

"Una hakika, Daktari?"

"Aliyechimba ni mie."

Wakatoka. Nje, gari lao lilipoondoka, Daktari alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Atupele, wewe uliuona ule mbonyeo siku zote hizi?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Unajua ni nini?" Sijui, Daktari. "Ni mihrabu. Pale anapoweka kuni ndipo imamu alipokuwa anasimama. Hakuna Mreno aliyejenga hapa. Huu ni msikiti, tena wa kale kweli kweli." Nilidhani atalia, nikaogopa zaidi, maana mwalimu akilia mwanafunzi afanye nini? "Kule Ufaransa mie nilifika pameshasafishwa," akasema. "Nilikuwa nikipata sufuria za wale waliohamishwa nazitupa kando, natafuta Warumi." Akaenda kukaa ndani ya gari lake peke yake.

Nilirudi jikoni. Bi Zuhura bado alikuwa amekaa palepale. "Wamekwenda?" Wamekwenda, Mama. "Kweli?" Kweli, na hawarudi, Daktari kasema ukuta umeishia nje. Alhamdulillahi! Alicheka, akalia, akanipiga paja, akaniomba nimnyanyue, na nilipomvuta tuliyumba wote wawili tukakaribia kuangukia jungu. Mie nilidhani yamekwisha. Lakini Bi Zuhura hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliacha kucheka akanitazama. "Yule mama aliona kitu. Mie nilimwona macho. Kaona nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Nimekulisha humu. Leo usinidanganye."

Jamani, mwaka ule niliogopa mengi. Niliogopa mchanga, uchawi, Shomari, tingatinga, mashati yaliyopigwa pasi. Lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, katika kufungua mdomo kumjibu mama huyo ambaye ndiyo kwanza amepona. Nikamwambia. Nikamwonyesha kwa kidole, msikiti, kibla, hapo penye kuni ndipo imamu alipokuwa anasimama.

Alitazama zile kuni. Akatazama masizi, majivu, beseni la magamba ya samaki. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Akainama polepole, akavua ndala ya kulia, akavua ya kushoto, akabaki amezishika mkononi hajui aziweke wapi. "Astaghfirullah," akasema. "Miaka yote hii." Alilisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo wale watu wa ofisini hawakuwahi kumtia.

Tulitoa kuni palepale, mie na yeye, tukasugua ule ukuta kwa maji na makumbi ya nazi mpaka mikono ikachubuka. Nikadhani inatosha. Kesho yake alfajiri nikaamshwa na kelele za bati. Bi Zuhura alikuwa amempandisha Shomari juu ya jiko, na Shomari anapiga kelele: "Mama, wametuacha! Tumepona! Sasa unabomoa mwenyewe?" Naye chini, peku, anapokea misumari kwenye beseni. "Nyumba yangu imebaki," akasema. "Hapa hapakuwa pangu. Shuka kama hutaki, nitapanda mie." Shomari hakushuka. Mie nilivua viatu nikaingia kupokea mawe, maana ningefanya nini kingine? Daktari na Chitanda walipokuja asubuhi na makarai ya kufukia shimo, walikuta mihrabu imesimama peupe, imeoshwa, jua linaipiga, na hakuna jiko. Mtu yeyote angeweza kuiona kutoka barabarani. Bi Zuhura akajitanda kanga vizuri, akamwendea Daktari. "Haya," akasema. "Sasa waiteni. Wakitaka kuniondoa, waniondoe."

Daktari hakumwita mtu. Tulifukia shimo siku ileile, na picha hakupiga. Bi Zuhura alizungushia pale ua wa makuti, akawa anapafagia kila Alhamisi, na maisha yake yote yaliyobaki alipika uani kwenye mafiga matatu, masika na kiangazi, mwavuli mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Wa kuja kumwondoa hakutokea. Lakini yeye hilo angelijuaje? Miaka yote niliyokwenda kumsalimia, gari lolote likipunguza mwendo pale nje aliacha chungu motoni, akajitanda, akaenda kusimama mlangoni kuwasubiri.